Nukta Iliyokaa Sawa

Macho yangu yameshakula chumvi. Kwa miaka ishirini nimecheza vita vya gololi za plastiki nikilenga kwa kijiti cha chuma kilicho mbele ya bunduki, na mwaka huu kijiti kikageuka viwili. Mwenye akili angeacha mchezo akapanda nyanya barazani. Mimi nilipanda treni hadi Akihabara kununua kioo cha kulengea chenye nukta nyekundu, kwa sababu Jumapili kule uwanjani Chiba ndiyo siku pekee mtu huniita Iwakiri bila kutaka nimsainie karatasi.

Hata hao wa kuniita walikuwa wamekwisha. Tulikuwa timu ya wanne. Mmoja alihamia Sendai, wa pili akapata mapacha, na wa tatu, Onizawa, nilimsema mbele za watu kwamba amepigwa na hakukiri. Mchezo wetu hauna damu wala rangi. Ukipigwa unajua mwenyewe. Unainua mkono, unapaza sauti, unatoka. Asiyekiri tunamwita mzuka. Nilimwita Onizawa mzuka, tena nilikuwa na haki, na mwaka mzima sasa nimekula chakula cha mchana mimi na haki yangu tu.

Muuzaji, mzee Oikawa, aliniwekea vioo vitatu juu ya kaunta.

"Chungulia. Nukta unaionaje?"

"Kama nyanya iliyokanyagwa."

"Usinikazie macho mimi, hilo ni jicho lako. Punguza mwanga kidogo."

Nikapunguza, nyanya ikawa doa. Kioo cha pili kilikuwa chepesi na bei yake poa, lakini nukta ilikuwa na mkia. Cha tatu, kifupi chenye umbo la bomba, nukta ilitulia.

"Uwanjani unavaa kinyago cha uso mzima?" akauliza.

"Meno yangu bado nayapenda."

"Basi chukua na hiki kikalio kirefu cha kuweka chini yake. Wengi wanafunga wakiwa uso mtupu, wakifika uwanjani kinyago kinagonga kitako cha bunduki, nukta hawaioni ng'o. Wewe funga ukiwa umevaa kinyago. Na mbele weka kinga ya plastiki ngumu, gololi moja tu inapasua kioo. Una mtu wa kukushikia bunduki ukikaza skrubu?"

"Ninaye," nikasema. Sikuwa naye.

Jumamosi mchana nikaibana bunduki kwa mapaja, kinyago usoni, pale mezani jikoni karibu na sufuria ya wali. Nikasogeza kioo nyuma, nikasogeza mbele, nikalenga jokofu mpaka nukta ikaja yenyewe bila kuitafuta. Nikatia gundi kwenye skrubu, nikakaza kidogo huku na kidogo huku. Mtu angeingia angecheka mpaka akae chini. Hakuna aliyeingia. Upweke una namna nyingi, lakini huu wa kuchekesha na asiwepo wa kucheka, huu unauma.

Jumapili asubuhi uwanjani nilijaribu shabaha kabla wengine hawajafika. Sahani ya chuma, mita thelathini. Gololi mbili za kwanza zilikwenda kushoto. Nikazungusha kitufe, tiki, tiki. Kisha nikapiga tano, na tano zote zikalia. Niligeuka nimwambie mtu, nikakuta benchi tupu.

Kwenye chakula cha mchana ndipo wakaja. Wanaume wanne, kila mmoja na sahani yake ya wali wa kari.

"Mzee, hapa pana mtu?" akauliza aliyetangulia. "Au umewekwa ndani kama mwali?"

Alikuwa anaitwa Shimotori, fundi wa lifti, ana cheko la kufungua mlango. Wakakaa bila kusubiri. Wakanimiminia chai ya shayiri, wakacheka kinyago changu, wakaniuliza nakaa wapi. Mwenzao wa tano alikuwa amehamishwa kikazi.

"Tunatafuta mtu mzima asiye na makuu," Shimotori akasema. "Jioni nitakuuliza rasmi, usije ukatukimbia."

Nilikula ile kari yote, na karoti zake nisizozipenda. Nilikuwa na furaha mpaka nikajionea aibu.

Alasiri tukagawiwa vitambaa vya timu. Wao vyekundu, mimi cha manjano. Katikati ya mchezo nilikuwa nimejibanza nyuma ya pipa, na kwenye dirisha la ukuta wa mbao, mita ishirini na tano hivi, akatokea Shimotori. Nukta ikakaa juu ya mfuko wa kifua chake. Nikafyatua. Niliiona gololi nyeupe ikigonga mfuko na kuruka. Akajishika pale pale, akatazama kushoto, akatazama kulia, akabaki. Nikafyatua tena, begani. Akapepesuka kidogo, akainua bunduki yake, akanipiga mimi.

"Nimepigwa!" nikasema, nikainua mkono, nikatoka.

Kwetu hatumkabili mtu uso kwa uso. Unamwambia mwamuzi, naye anawaonya wote bila kutaja jina. Mwamuzi alikuwa amesimama langoni, akaniuliza kama ilivyo desturi, "Kuna lolote la kuripoti?" Ulimi ulikuwa tayari. Nikamwambia hakuna.

Jioni nilipokuwa nafungasha, Shimotori akaja na wenzake watatu.

"Mzee, ulinifyatulia mbili, nimeziona," akasema. "Zote zimepita kulia, hivi, karibu na sikio. Kioo chako kimekwenda upande."

Nikamtazama. Alikuwa ananitazama pia, na lile cheko halikuwapo. Wenzake walikuwa wanangoja, mmoja ameshika begi langu tayari kunisaidia kulibeba.

"Labda skrubu zimelegea," nikasema.

"Vioo vipya ndivyo vilivyo. Lete nikuwekee sawa."

Nikampa bunduki. Akaweka kitako begani, akafumba jicho moja, akaanza kuzungusha kitufe kuelekea kushoto. Tiki. Tiki. Alizungusha polepole kama fundi mwenye uhakika na kazi yake, na kila tiki nilihesabu moyoni. Zilifika kumi na mbili. Cheko lake likarudi.

"Haya, chungulia. Safi?"

Nikachungulia. Nukta ilikuwa imetulia vizuri kabisa, nyekundu, haina mkia, na nilijua gololi ingeanguka mbali nayo.

"Safi," nikasema. "Jumapili mtanipitia saa ngapi?"