Habari ya Kuokota

Intaneti kafe ilipofunguliwa mjini Dodoma, waandishi wa habari walipata pa kukalia, na kukaa wakakaa kweli. Mwaka ule wa 2003 usingemkuta hata mmoja juani. Kinara wao Cornel, soda mkononi, alikuwa ananakili ya huyu, anabandika ya yule, kisha jina lake juu, haya hana. Khairat, mwandishi mwenzao, alikuwa akiwatazama na kusonya. "Waandishi gani hawa? Kupe watupu!"

Yeye alipanda basi hadi Kibaigwa, kwenye soko la mahindi. Mhariri wake wa Dar, Respicius, alishamwambia: lete habari nzito, la sivyo huna kazi. Na kazi nyingine Khairat hakuwa nayo. Alishinda sokoni, vumbi la mahindi puani, akawaona madalali wakishindilia lumbesa, yale magunia yenye kilemba juu, huku mkulima akilipwa bei ya gunia la kawaida. Wizi wa mchana kweupe!

Jioni alirudi mjini, akaituma habari kutoka kafe. Cornel akamsogelea, meno nje.

"Dada Khairat, nirushie na mimi basi. Usiwe mchoyo."

Ndiyo ilikuwa desturi yao: aliyekwenda humgawia asiyekwenda, na ukikataa utasemwa mpaka misibani. Khairat akamrushia. Mjinga na yeye!

Cornel hakuilaza. Papo hapo akaipeleka kwenye tovuti moja ya Dar, jina lake juu kama kawaida.

Asubuhi lumbesa ilikuwa ukurasa wa mbele wa gazeti la Khairat, na chini yake: "Kwa msaada wa mtandao." Akampigia Respicius simu.

"Bosi, hiyo habari ni yangu!"

"Barua pepe yako nimeiona baadaye, dada," Respicius akajibu, wala hana wasiwasi. "Hii nimeiokota tovutini, bure. Sasa mtu wa Dodoma wa nini tena?"

"Na kesho nani atakwenda Kibaigwa?"

"Kwani lazima mtu aende?"

Akakata simu. Khairat alilia kwa hasira, akawatukana wote, mmoja mmoja, kwa majina yao.

Wiki iliyofuata madalali walishindilia magunia makubwa zaidi, hawamwogopi mtu. Kafe ilijaa pomoni. Cornel na wenzake walifungua tovuti, wakafunga, wakafungua tena, wakisubiri habari za soko. Hazikuja. Basi gazeti likaandika kwamba Kibaigwa ni shwari.