Barua Tatu za Mwalimu Eliezeri

Chuo cha walimu wa kike kule Iringa kilikuwa kimemkataa Ikupa mara mbili, na mara zote mbili hakuambiwa sababu. Alikuwa akifundisha darasa la kwanza bila cheti, katika shule ya misheni iliyokuwa milimani juu ya Mbeya, na watoto wake walisoma vizuri kuliko wa darasa la pili. Alidhani barua zake za sifa zinapotea posta. Mwaka 1955 akamwomba mwalimu mkuu, Eliezeri, aliyeziandika, amruhusu kuipeleka ya tatu mwenyewe.

Eliezeri alisita, kisha akampa bahasha iliyopigwa lakiri. "Usiifungue. Ni siri ya wakubwa."

Siku mbili ndani ya basi aliikumbatia. Bibi mkuu wa chuo, Mzungu mwenye sauti ya upole, aliivunja lakiri, akasoma palepale, akaikunja.

"Pole, binti. Hatuwezi."

"Imesema nini?"

"Barua hii si yako."

"Lakini inanihusu mimi, Mama."

"Ndiyo maana si yako."

Karani wa chuo, Severina, alimkuta amekaa kwenye ngazi za nje, haendi wala harudi, akamwonea huruma.

"Dada, unaanguka kifafa?"

"Mimi? Sijawahi hata siku moja."

"Barua zote tatu zinasema unaanguka mbele ya watoto."

Ikupa aliporudi Mbeya alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Eliezeri, vumbi la njiani likiwa bado nywelani. Akamwambia yote aliyoyajua.

"Nani kakuonyesha?" Ndilo neno la kwanza alilosema.

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Ningekusifu wangekuchukua. Darasa lako ningempa nani?" Alisema kwa utulivu, kama mtu anayeeleza kwa nini amemfunga ng'ombe kamba.

"Basi andika nyingine, niisome."

"Barua ambayo mwenyewe ataisoma ni salamu tu. Mtu ataandika ya kumfurahisha."

"Na wewe uliyejua sitaisoma, umeandika nini?"

Eliezeri akamfungulia mlango atoke. Juma lilelile aliandika chuoni kwamba siri zinavuja. Ikupa hakuwa amemtaja mtu, lakini karani alikuwa mmoja tu, na Severina akafukuzwa kazi.

Jumapili, baada ya ibada, Ikupa alisimama mbele ya washarika akaeleza alivyozuliwa kifafa. Alitegemea watamgeukia Eliezeri. Watu walitawanyika upesi kuliko kawaida. Katika yote aliyosema, walichoondoka nacho ni kifafa.

Kesho yake watoto kumi na wawili hawakuja. Atuganile, mama aliyewahi kumletea mkungu wa ndizi siku binti yake alipoandika jina lake mwenyewe, alifika mlangoni kumchukua mtoto, pua ameiziba kwa khanga.

"Usiudhike, mwalimu. Wanasema povu la kifafa linaambukiza."

"Umewahi kuniona nikianguka?"

"Sijaona. Lakini mwalimu mkuu ndiye aliyeandika."

Mwisho wa juma walibaki watoto wanne. Eliezeri akamwachisha kazi.

Ikupa alirudi kwa mama yake kuchuma maua ya pareto. Mkaguzi wa shule alipokuja akakuta darasa la kwanza halijui hata irabu, alimkaripia Eliezeri mbele ya walimu wake. Siku mbili baadaye mzee yule alipanda hadi shambani, akihema, na karatasi mkononi isiyo na bahasha.

"Isome kabla sijaituma," alisema.

Ikupa akasoma. Ilikana kifafa. Ilitaja hata nyimbo alizotunga kufundishia herufi, na jinsi alivyomkalisha mbele mtoto asiyesikia vizuri. Kumbe Eliezeri alikuwa ameyaona yote, miaka yote ile. Hilo lilimchoma kuliko uongo. Chini kabisa mzee alikuwa ameandika: *Nimempa mwenyewe aisome, apate kuridhika.*

Waliituma. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, na Eliezeri akampelekea. *Chuo hakipokei barua ya sifa ambayo mwombaji ameisoma. Jalada lake limefungwa.*

"Nitaandika tena," Eliezeri alisema. "Ya siri."

"Uandike nini?"

"Yaleyale. Mazuri."

"Na mimi nitajuaje?"

Ikupa alimrudishia karatasi ya chuo, akainama kwenye tuta lake akaendelea kuchuma, mpaka Eliezeri alipochoka kusimama akashuka mlima.