Filamu ya Vita pale Kimulot

Nguo za wakimbizi zilikuwa zimerundikwa juu ya turubai, zimechanwa kwa makasi na kupakwa matope. Msichana aliyezigawa alimtazama Jecinta kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu vya plastiki vilivyotoboka, akamruka, akampa aliyemfuata.

"Na mimi?" Jecinta akauliza.

"Wewe mama uko sawa tu hivyo."

Wenzake kutoka kambi ya wakimbizi kwenye kanisa kule Litein walicheka, kicheko cha kuficha aibu. Lori la watu wa filamu lilikuwa limewabeba asubuhi. Waliambiwa filamu inahusu vita vya nchi isiyotajwa jina, na raia walionaswa katikati. Atakayekimbia vizuri angepewa unga. Jecinta hakupanda lori kwa ajili ya unga. Alipanda aliposikia kwamba picha zingepigwa Kimulot, katika shamba la diwani, lile la juu ya mto, linalopakana na boma la Rodah, jirani yake wa zamani.

Shamba hilo lilikuwa lake Jecinta. Yeye na mumewe Nganga walilinunua mbele ya mashahidi, wakapanda majani chai mpaka karibu na maji. Mwaka wa tisini na mbili, vijana walipokuja na mishale na petroli wakipiga kelele kwamba madoadoa, yaani watu wa makabila ya nje, yatoke, Nganga alimsukuma nje kupitia dirisha la jikoni, akabaki kuwafungulia ng'ombe. Baadaye Rodah alimtafuta hadi kambini. Alimletea maziwa, akainama sikioni mwake.

"Tulimzika, dada. Mimi na bwana yangu, karibu na ule mti wa avokado. Tulifanya haraka, tuliogopa. Hata hatukuomba."

Jecinta alijaribu kwenda. Polisi wa utawala walimrudisha njiani, wakamwambia aache kuchokoza wananchi.

Sasa alikuwa amesimama pale. Majani chai yalikuwa yamechumwa vizuri, na mikono mingine. Watu wa filamu walikuwa wamejenga nyumba ya udongo mahali ilipokuwa yake. Mti wa avokado ulikuwa umekatwa. Kilichobaki ni kisiki, na kando yake vijana walikuwa wakipanga matairi ya kuchoma. Diwani alikaa kwenye kiti chini ya mwavuli, akinywa chai.

Mwelekezi wa filamu aliitwa Mathew, kijana wa Nairobi, mpole.

"Mama zangu, mtatoka kwa nyumba, mkimbie mpaka chini. Pigeni nduru. Fikirieni nyumba yenu ndiyo inaungua."

Wanawake wakaingia ndani ya nyumba ya udongo.

Waliochaguliwa kuwa wavamizi walikuwa vijana wa hapo hapo. Walipakwa masizi usoni, wakapewa marungu. Mathew aliwaonyesha jinsi ya kushuka mteremko kwa safu, kisha akaacha, hawakuhitaji kufundishwa. Mmoja wao Jecinta alimjua kwa mwendo, tangu siku ile ya mishale na petroli. Macho yao yalipokutana, ni Jecinta aliyeyainamisha.

Matairi yakawashwa. Mathew akapaza sauti, na wanawake wakamiminika nje wakilia. Jecinta alikimbia nao hatua chache, halafu akakata kona, akaenda kwenye kisiki na kupiga magoti. Alifukua nyasi kwa vidole hadi akagusa udongo.

"Baba Njeri," akamwambia Nganga, "ni mimi. Nimekuja." Akaanza: Baba Yetu uliye mbinguni.

"Nani ameambia hiyo mama aende huko?" Diwani alikuwa ameinuka. "Wee! Hiyo ni shamba ya watu!"

Mpiga picha aligeuka kumtazama Mathew. Mathew akatikisa kichwa. "Usizime," akanong'ona.

"Mtoeni!" diwani akaamuru.

Vijana walimshika mikono na miguu. Jecinta alishika kisiki, akashika nyasi, akashika udongo. Kitambaa kilidondoka kichwani. Nduru iliyomtoka iliwanyamazisha hata wale waliokuwa wakilia kwa kuigiza. Walimburuta kati ya mistari ya chai, wakamtupa barabarani, nje ya ua.

Mathew alikuja mbio, macho yamelowa. Alimwinua kwa mikono miwili.

"Mama, wewe ni msanii wa kuzaliwa! Tangu nianze hii kazi, sijaona kitu kama hiyo. Shida ni moshi, ulifunika uso. Tutarudia. Upige magoti pale pale, uombe, halafu wakutoe."

Akamgeukia diwani kwa heshima. "Mheshimiwa, unaturuhusu?"

Diwani aliketi. "Kama ni ya filamu, hakuna shida. Lakini asikae huko sana."

Jecinta alijipangusa mdomo. Ulikuwa na udongo.

"Nikirudi," akamuuliza Mathew, "mtaniacha nimalize kuomba?"

Mathew alitazama mawingu yaliyokuwa yakishuka kutoka msitu wa Mau. "Fanya fupi tu, mama. Mvua inakuja."

Vijana walirudi mahali pao, wakijifuta mikono kwenye suruali. Tairi jipya likawekwa juu ya majivu. Jecinta alipanda mteremko, akaingia katika nyumba ya udongo na kusimama nyuma ya mlango pamoja na wenzake. Midomo yake ilicheza bila sauti. Alikuwa akiipitia sala tangu mwanzo, neno kwa neno, akitafuta maneno ya kupunguza, yale ambayo Nganga angeweza kuvumilia kuyakosa.