Masta ya Kompaila

Ouma alimpiga Salme kabla hata ya kusalimia. Ngumi ya kwanza ilimtupa kwenye kabati, ya pili ikampasua mdomo.

"Masta iko wapi?"

Mwaka huo wa tisini na moja, mimi na Salme tulifundisha kompyuta katika chumba cha kukodi nyuma ya soko. Mashine zetu zilikuwa kuukuu, zimetupwa na ofisi moja ya Milimani, na hakuna kompaila iliyokubali kufanya kazi ndani yake. Kompaila ndiyo programu inayogeuza maandishi ya mwanafunzi kuwa amri ambazo mashine inaelewa. Bila hiyo hakuna somo. Tulipata moja ya bure kutoka ng'ambo, yenye ruhusa ya kunakili, kubadilisha na kugawa. Salme akaikata na kuiunga upya hadi ikakubali kwenye mashine zetu. Tangu hapo, aliyekuja na disketi yake tulimjazia. Walimu walitoka Kisian, wengine Kombewa.

Ouma alikuwa na duka la kurekodi kaseti. Kwake, mwenye kanda ya kwanza, ile masta, ndiye mwenye wimbo, hata mwimbaji akilia. Sasa alikuwa anauza kompaila yetu, na watu walikuwa wanamcheka, kwa kuwa kwetu ilipatikana bure.

"Bwana Ouma, hakuna masta," nikamwambia. "Zote ni sawa. Chukua hii. Chukua hata zote."

"Mama Adero, unanifanya mtoto? Nani anapeana masta bure?"

Alikuja na wanaume wawili. Mmoja alinikaba shingo. Mwingine alivunja skrini kwa chuma, moja baada ya nyingine, vioo vikaturukia usoni. Ouma akamburuta Salme, akaubana mkono wake wa kulia juu ya meza.

"Si hivi vidole ndivyo vinanakili?"

Chuma kikashuka. Salme alipiga yowe ambalo soko zima lilisikia, na hakuna aliyekuja.

"Kimoja hicho. Masta?"

Niliona kwamba ukweli utammaliza Salme. Juu ya rafu kulikuwa na kopo la sukari, tumelifunika kwa disketi iliyokufa ili inzi wasiingie. Nikaitazama, nikaanza kulia.

"Si hiyo, Ouma! Chukua mashine, lakini hiyo niachie!"

Akacheka. "Kumbe! Mnaificha wazi wazi, wajanja nyinyi."

Akaipangusa sukari kwenye suruali, akaitia mfuko wa shati. Walitoka mbio, chuma wakakiacha sakafuni kikiwa na damu. Hospitalini kile kidole kilikatwa.

Tulikusanya mashine moja kutoka vipande vya zote, na kompaila, kwa kuwa disketi zetu zilikanyagwa siku ile, tukarudishiwa na mwalimu wa Kombewa. Siku tuliyoiwasha, Ouma alisimama mlangoni, peke yake, ameshika disketi mbili.

"Mama, hii masta inakataa kusoma. Nimeleta nyingine tupu."

"Mtu akileta disketi anajaziwa," Salme akasema bila kumtazama. Akaibonyeza mashine kwa mkono wa kushoto, polepole, mpaka ikamaliza. Akaitoa disketi, akaiweka katikati ya meza.

Ouma alipounyoosha mkono kuichukua, nilikuwa nimeshafunga mlango, na chuma chake nilikuwa nacho.