Msalaba wa Ifan

...na kama si kidole chake mwenyewe kilichokuwa kimelala chini ya jina lile, Eluned angesema ni macho, ni miwani hii ya zamani, ni taa za chumba hiki cha nyaraka zinazomulika bila kutia joto, lakini jina lilikuwepo, Ifan ap Huw wa Moel y Gigfran, babu yao wa kale aliyewaachia makao yao ya mlimani, na mbele ya jina msalaba, mistari miwili ya wino iliyopishana, sahihi ya mtu asiyejua kuandika, kwa hiyo yule mwanasheria wa kampuni hakusema uongo, Mungu wangu, hakusema uongo hata kidogo...

"Umeona kitu?"

Huyo Idwal, kakake, ng'ambo ya meza, koti hajalivua tangu waingie, anahema kwa ile miluzi ya kifua kilichojaa vumbi la machimbo ya mawe, "Bado, kaka," akamjibu bila kuinua kichwa, na neno bado likamchoma ulimi kama chai ya moto, kwani bado ya nini tena, maandishi yenyewe hata mtoto angeyasoma, kwamba Ifan amejenga kibanda kwenye ardhi ya jumba la Plas Nantgwyn bila haki, kwamba anakiri hivyo, kwamba anakaa pale kwa hisani ya bwana na ataondoka siku yoyote bwana atakapopenda, na bwana wa leo ni kampuni iliyonunua mlima mzima ili ipande misonobari, nayo imeshapenda... mbona hakukaa nyumbani, mbona hakumwacha mwanasheria aseme alivyosema, "Bibi, karatasi ipo, nenda kaitazame mwenyewe," na Idwal akagonga meza ya watu kwa ngumi, "Babu yetu hakumpigia mtu goti! Andika hivyo hivyo!" na yeye Eluned, mjinga, akasema nitakwenda kuitazama, akiamini, ndiyo, akiamini kabisa kwamba haitakuwepo...

"Hawa akina Lloyd-Vychan, mabwana wa jumba," Idwal ananong'ona, amevuta jalada lingine, "waliandika mpaka chafya za mbwa wao. Sikia, Mellten amezaa watoto, Taran kaumia mguu. Mbwa ana ukurasa mzima, Luned!" akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, watu wa meza nyingine wakageuka, na ni kweli, ukuta mzima wa masanduku ni wa hao tu, arusi zao, ugomvi wao wa mipaka, zabibu walizootesha ndani ya nyumba za vioo, mishumaa ya kanisani, na watu wa Moel y Gigfran, vizazi vyote vile vilivyokata majani na kuzika watoto, wameacha humu mistari miwili iliyopishana... mama alikuwa akiwasimulia wakiwa wamekaa karibu na moto, mikono yake ndani ya unga, jinsi Ifan na ndugu zake walivyoijenga nyumba kwa usiku mmoja, kwa mabonge ya udongo na nyasi, kwa kuwa desturi ya wazee ilisema moshi ukitoka kwenye paa kabla ya jua kuchomoza basi nyumba ni yako na hakuna wa kukutoa, na asubuhi msimamizi wa jumba akaja na watu na mbwa, na Ifan akasimama mlangoni na sepeto, "Piteni juu ya maiti yangu," wakarudi walikotoka... walivyokuwa wakiuigiza mchezo ule nyuma ya zizi la kondoo, Idwal siku zote ndiye Ifan, yeye siku zote ndiye msimamizi, siku zote anasukumwa matopeni, akalalamika kwa mama, mama akasema, "Vumilia, mwanangu, lazima mmoja awe mbaya," na hakuna aliyewahi kuigiza hii, Ifan akiteremka mlima, kofia mkononi, akipita mlango wa nyuma wa Plas Nantgwyn, akioneshwa mahali pa kuweka kalamu... mwongo wewe, mzee, umetuachia uongo tukaulalia kama godoro... Februari, imeandikwa Februari, na Februari ile ile, katika karatasi aliyoifungua asubuhi, bwana alilalamika theluji imefika kwenye madirisha na mbwa hawawezi kuwinda, na Februari ile ile, katika Biblia ya mama iliyoko nyumbani juu ya kabati, Lowri mkewe Ifan alimzaa Mari, mama wa bibi yao, katika nyumba ya udongo, theluji hiyo hiyo... basi walikuja wakati huo, ndiyo, mamwinyi hawakuwa wajinga, walingoja hadi mtoto wa siku chache yumo ndani, wakasema chagua, na sepeto ingefanya nini, angempiga nani nayo... mstari mmoja wa msalaba ulikuwa mwembamba, umepigwa haraka, wa pili mnene, umekwaruza karatasi hadi ikachubuka, akaupapasa kwa ncha ya kidole ingawa imekatazwa...

"Bi Eluned," Meinir, mwangalizi wa chumba, amesimama begani kwake, sauti ya mtu aliyezoea misiba ya wengine, "samahani, mama, tunakusanya masanduku sasa. Nikupigie picha ya ukurasa huo?"

"Dakika moja, binti yangu."

...apigiwe picha ya nini, kampuni wanayo, watainyanyua Alhamisi mbele ya hakimu, na huenda ni Lowri aliyeitunga ile sepeto, kitandani, mtoto kifuani, mume amerudi na theluji kwenye ndevu na hasemi, akaitunga ili watoto wamtazame baba yao usoni, na mama naye, je, mama alijua, alivyokuwa akigeuzia uso kwenye unga kila alipofika hapo, si hasira tena aliyokuwa nayo Eluned, hasira ingemsaidia, kulikuwa na baridi tu na uchovu wa kuelewa, kwamba moshi wao wote, viazi vyao vyote, makaburi yao, viliishi kwa ruhusa, na ruhusa imekwisha, na hakuna mlango wa nyuma uliobaki wa kupitia na kofia, kampuni haina mlango, ina anwani tu... amfiche Idwal, kaka aende Alhamisi kifua mbele, amevaa tai ya kanisani, asomewe karatasi na kijana asiyemjua, huku watu wakimtazama... au amwambie hapa, sasa, ambapo angalau amekaa...

"Luned," Idwal alisema, na safari hii hakunong'ona, "nakuuliza wewe. Umeona kitu?"

Kidole chake kilikuwa pale pale chini ya jina, na Meinir alikuwa amenyoosha mikono kulipokea sanduku, na Eluned alijua tayari atakalosema, kwamba msalaba upo, na alijua litamfanya nini kaka yake, akaugeuza ukurasa umwelekee.