Mvinyo wa Tisa Mezani kwa Gesina

Mkaguzi wa mvinyo hutema. Watu wakisikia hivyo hunionea huruma, lakini ndiyo kazi yenyewe: unanusa, unazungusha mdomoni, unatema kwenye ndoo, unaandika. Asiyetema ni mlevi mwenye kalamu. Siku ile, kwenye mkahawa wa kifahari wa Gesina Swartbooi kando ya matuta ya Namib, tulikuwa walevi wawili wenye kalamu, na ilikuwa saa nane mchana.

Mwenzangu alikuwa bosi wangu, Eksteen Diergaardt. Nilimwita Oom, kama tunavyomwita kila mwanamume wa rika la baba zetu. Alikuwa amekagua orodha za mvinyo za nchi nzima kwa miaka thelathini, na mimi nilikuwa mwanafunzi wake. Kadi yangu ilikuwa na nafasi tano za saini yake, nne zimejaa. Ya tano ingenifanya mkaguzi kamili; kuikosa kungenirudisha Windhoek kuuza viatu dukani kwa dada yangu. Wanafunzi watatu kabla yangu aliwaangusha hapo hapo kwenye ya tano, kwa hiyo nilikuwa na hofu mpaka kwenye kucha.

Tulipoketi tu, niliomba ndoo.

"Ndoo ya nini?" akauliza Gesina, mwenye mkahawa, ambaye kila mtu humwita Tannie, yaani shangazi, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuitia mbuzi.

"Ya kutemea, Tannie."

"Mwanangu, maji ya hapa yanakuja na lori, kilomita sitini. Mtu hatemi kinywaji mbele yangu. Anayetaka kutema akateme kwao."

Nikamtazama Oom, nikitegemea atatoa kanuni zake. Yeye akafungua orodha tu. "Tutameza," akasema.

Basi tukameza. Orodha ilikuwa ya ukurasa mmoja, aina thelathini na moja za mvinyo, kwa mwandiko wa Gesina mwenyewe, na kando ya kila jina ameweka neno lake: huu unaifaa nyama ya choroa, huu unywe na mtu mliyegombana naye, huu ghali bure. Kwenye hilo la mwisho Oom akacheka puani. Sikuwahi kumsikia akicheka. Kufikia mvinyo wa nne nami nilikuwa nacheka, hata sijui nini. Kwenye wa sita mbuni akapita nje ya dirisha, nikampungia mkono, na Oom akamvulia kofia kwa heshima zote.

"Jua lote hili anakwenda wapi?" nikauliza.

"Ana miadi. Usimcheleweshe."

Tulicheka mpaka meza ya jirani ikageuka kututazama.

Ukaja wa nane, mwekundu, ghali kuliko mingine yote. Kichwa changu kilikuwa chepesi, lakini pua ilikuwa bado kazini. Mvinyo ulikuwa umeungua. Chupa ilikaa mahali pa joto siku nyingi, na sasa ilinuka jemu iliyosahauliwa jikoni. Kosa lilikuwa wazi kabisa.

Oom akanusa, akafumba macho, akameza. "Safi sana. Kumi na nane kwa ishirini. Wewe unasemaje, Fransina?"

Nikikubali, saini ninayo. Nikikataa, nimemwambia mtu wa miaka thelathini kwamba hajui kunusa. Ningekuwa mzima, sina hakika ningejibu nini. Lakini sikuwa mzima.

"Oom, umeungua huu. Hata kwenye mchuzi siutii."

Akaweka glasi chini. Mabega yakaanza kumtetema, nikajua nimekwisha, naenda kuuza viatu. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka machozi, akayafuta kwa kitambaa cha meza.

"Sinusi kitu," akasema. "Tangu ile homa ya mwaka juzi. Kahawa sinusi, moshi sinusi. Miaka miwili nakagua kwa kusoma karatasi za chupa na kutazama nyuso zenu."

"Na wale watatu?"

"Nikisema safi, nao safi. Nikisema mbaya, mbaya. Sasa mimi kipofu wa pua nimpitishe mtu anayenifuata mimi?"

Nilikasirika na kucheka kwa pamoja. Saini nne nilizozilinda kama mayai, kumbe zote ni za mtu asiyenusa. "Oom, wewe ni tapeli," nikamwambia.

"Ndiyo," akasema, na hapo hakucheka.

Gesina alikuwa amesimama na sahani muda wote huo, amesikia kila neno. Akaenda jikoni, akarudi na chupa iliyofungwa turubai lililoloweshwa maji, kama wachungaji wanavyopoza maji ya safari. "Huu haumo kwenye orodha, ni wangu wa kunywa. Wewe msichana, mwambie ulivyo. Yeye aseme ni upi."

Akamimina. Nikanusa.

"Plamu ambazo hazijaiva," nikasema. "Ngozi ya mbuzi iliyoanikwa juzi. Na mvua. Mvua ya kwanza, inapogusa tu chini."

"Chini kwenye mchanga au changarawe?" akauliza Oom.

"Changarawe. Ya moto."

"Na ulimini?"

"Unaaga, halafu unarudi, kama mtu aliyesahau funguo."

Oom alikuwa ameinamisha kichwa. "Mizabibu mizee," akasema taratibu. "Zabibu ya Sinso, kutoka Swartland, mteremko wa mawe. Mwaka wa ukame. Elfu mbili na kumi na sita."

Gesina akafungua turubai. Sinso. Swartland. Elfu mbili na kumi na sita. Nilipiga meza kwa viganja vyote viwili, Gesina akapiga kigelegele, na meza ya jirani ikapiga makofi bila kujua inashangilia nini.

Oom alivuta kadi yangu bila kuombwa, akasaini nafasi ya tano. Kisha akachukua karatasi ya alama, akakata jina lake kwa mstari mmoja, akanisukumia. "Ya orodha andika wewe peke yako," akasema.

Akainua glasi, akaiweka chini ya pua yake isiyofanya kazi.

"Ile mvua," akasema. "Niambie tena. Polepole."

Nikasogeza kiti, nikamwambia.