Msailiwa wa Tatu

Kwa zaidi ya mwezi Velma alikuwa hapokei simu jioni. Siku alizopokea, alisema ana usingizi, akakata. Mumewe, Japheth, dereva wa hoteli moja mjini Doha, alianza kukosa usingizi katika chumba alichoishi na wenzake mtaani Najma. Halafu binamu yake akampigia kutoka kwao Kitale, Kenya, akamwambia amemwona Velma mara mbili, nywele zimetengenezwa, akipanda ngazi za jengo fulani mjini jua likizama. Hakuongeza neno, na Japheth hakuuliza. Tangu siku hiyo chakula kikamshinda.

Mwaka huo, 2016, hoteli ilikuwa imeacha kutegemea mawakala wa ajira. Nafasi za kazi zilitangazwa Facebook, waombaji wakasailiwa kwa Skype, na kila mmoja akaruhusiwa kumuuliza mfanyakazi wa kutoka kwao maisha ya Doha yalivyo. Pamela, Mganda aliyesimamia usaili, alimwita Japheth aje kujibu maswali hayo. Japheth hakuwa na moyo wa kazi hiyo, lakini alienda.

Wa kwanza aliuliza kuhusu joto. Wa pili alitaka kujua kama kuna kanisa, na Japheth akamweleza kwamba huku ibada kubwa ya kanisani ni Ijumaa, siku ya mapumziko. Kisha akatokea kwenye skrini mwanamke mwenye blauzi nyeupe, ameketi wima ndani ya saiba, duka la kukodisha intaneti. Alikuwa Velma.

Wote wawili walinyamaza. Pamela alidhani mtandao umekwama, akaanza kubonyezabonyeza kompyuta.

"Mtandao uko sawa," Japheth alisema. "Huyu ni mke wangu."

Velma aliinamisha kichwa. Alieleza kwamba rafiki yake mwenye saiba hiyo ya orofani alikuwa akimfundisha kila jioni kuzungumza mbele ya kamera, maana mara ya kwanza alipojaribu alitetemeka hata sauti ikapotea.

"Sikutaka ujue nikikosa," alisema. "Ningepata, ningekwambia siku hiyo hiyo."

Japheth alihisi kifua kimefunguka. Alitamani kumweleza aliyokuwa akiyawaza, akaona haya.

"Umependeza," alisema tu.

Pamela alimwambia kwa upole kwamba haifai mtu kukaa kwenye usaili wa mkewe, akamwita Millicent wa jikoni achukue nafasi yake. Japheth alishuka kantini ya wafanyakazi, akala wali na dengu, akaomba aongezewe.

Velma alipata kazi ya usafi wa vyumba. Alipofika alipewa kitanda katika nyumba ya wafanyakazi wa kike huko Al Wukair, nje ya mji, kwa hiyo walikutana siku za mapumziko tu. Ijumaa ya kwanza, baada ya ibada, Japheth alimsimulia yote: ile simu, usingizi uliopotea, na mambo mabaya aliyoyafikiria. Velma alicheka mpaka akafuta macho.

Akauliza ni binamu yupi. Japheth alikataa kumtaja, lakini Velma alikuwa ameshamjua.